Magazeti Matatu, Mdomo Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali iliyopigwa pasi hata ungeweza kukatia mkate. Mfukoni nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, bado kinanuka mafuta ya taa. Kazi yenyewe, katika idara moja ya serikali Mji Mkongwe, iliitwa ukarani wa vipande: kusoma magazeti kabla wakubwa hawajafika, kukata kwa mkasi habari zinazowahusu, kuzibandika kwenye karatasi na kuzitia failini. Magazeti ya bara yalikuja na boti, na nakwambieni, rundo lake lilinizidi kimo mimi na kofia yangu.

Aliyenipokea ni Afisa Habari, mzee wa mjini mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gazeti gani unalipenda?"

Nikalitaja haraka, nikidhani nishafaulu.

"Basi hilo utalisoma la mwisho," akasema. "Unalolipenda litakudanganya, nawe utacheka."

Yeye ndiye aliyenifundisha safu ya msemaji. Kando ya kila kipande tuliandika nani kasema, ana cheo gani, alikuwapo au kasimuliwa. Safu ikibaki tupu, kipande hakipandi juu kwa wakubwa. Tulisoma siku zote gazeti linaloisifu serikali pamoja na lile linaloikaba koo, na la tatu la wafanyabiashara, ambalo halijali ila bei za vitu. Tena tuliliheshimu gazeti linalokiri kosa lake mahali pa kuonekana. "Lisilokosea kamwe ni la malaika," akinambia, "na malaika hawachapishi."

Alipostaafu akaja Mkuu wa Kitengo, mwanamke tuliyemwita Bi Mkuu, mwenye sauti ya taratibu, ambaye ukitoka ofisini kwake shati limeloa jasho. Akanipandisha, nikawa naandika muhtasari, yaani kurasa zote za siku ile kwa ukurasa mmoja. Kule nilikokaa, Bububu, nikawa maarufu kuliko imamu. Nikishuka tu jioni, watu: "Bwana Magazeti, kuna nini leo?" Nami nawapa, na chumvi kidogo. Basi, na chumvi gunia.

Asubuhi moja magazeti yote matatu yalisema kwamba barabara ya kwetu itapanuliwa na nyumba za kando zitavunjwa. Msemaji, katika yote, alikuwa "ofisa aliyeomba asitajwe". Safu ile ilikuwa tupu, na mimi niliiona kuwa ni tupu. Lakini watu watatu wasiopatana wanakubaliana! Nikapandisha.

Jioni jirani yangu Bi Mwanaidi, mjane mshona kofia, alinisubiri mlangoni kwake. Nyumba yake ya mawe na udongo ilikuwa hatua kumi kutoka barabarani.

"Nnasikia maneno. Kweli haya?"

"Kweli kama jua, Bi Mwanaidi. Watavunja mpaka kivuli cha nyumba."

"Wewe umesoma?"

"Nshasoma, na yote matatu."

Alinitazama kidogo, akashukuru. Siku ya pili aliita fundi, wakateremsha mabati, milango na madirisha, ili asije akavunjiwa vyote pamoja. Mabati akayapanga vizuri uani. Yeye akenda kwa mwanawe Michenzani kungoja.

Tingatinga la kuvunja halikuja. Ilikuja masika.

Kuta za udongo zisizo paa hazina ubishi na mvua. Zililainika kama uji, zikakaa chini. Bi Mkuu alipopata habari aliniita, akanitandikia vile vipande vitatu mezani.

"Waandishi hawa watatu umepata kuwaona?"

"Majina yao nnayajua, Bi Mkuu."

"Ni mtu mmoja. Anauza habari ile ile mara tatu, kila gazeti anatia jina jengine. Kaona vigingi vya mabomba ya maji kando ya barabara, akadhani ni vya kuipanua, hakuuliza mtu, ofisa kamzua. Umesoma magazeti matatu, umesikia mdomo mmoja."

Nilikwenda Michenzani kuomba radhi. Nilitamani Bi Mwanaidi anitukane. Akanitilia chai.

"Hukunidanganya," akasema. "Ndiyo maana sijui nkwambie nini. Lakini kama alosoma yote kakosea, asosoma hata moja ana kosa gani?"

Maneno hayo yalienea Bububu kuliko habari yoyote niliyopata kuitangaza. Tangu hapo ukimwambia mtu soma, chagua, linganisha, anakujibu kwa jina la Bi Mwanaidi.

Nimestaafu sasa. Kitengo kilifungwa kabla sijaondoka. Wakubwa wakaona simu inatosha. Nyinyi vijana mkiniuliza, nasema bado yale yale: shikeni vyombo viwili au vitatu mvisome kila siku, visile sahani moja, na kabla ya kuvihesabu ulizeni vimesikia kwa nani. Nasema, lakini sioni anayesikia. Kwenye simu mdomo mmoja unakuwa elfu kabla chai haijapoa.

Juzi nilikwenda Michenzani kumwamkia Bi Mwanaidi. Nikamkuta chini ya ngazi na ndoo mbili za maji ya kisima. Kwenye simu yake kuna sauti ya mtu inasema maji ya bomba yametiwa sumu.

"Nani huyo anayesema?"

"Mtu."

Nilipiga simu ofisi ya maji palepale, nikamtia injinia sikioni mwake. Nikamsomea gazeti la asubuhi hiyo, nikamwonyesha jina la daktari aliyeyapima maji. Safari hii sikutia chumvi hata chembe. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Umejitahidi."

Akainama, akashika ndoo. Mwanawe anakaa ghorofa ya nne, na goti la Bi Mwanaidi halikunjiki tena. Nikaikamata ndoo ya pili, nikapanda nyuma yake.