Kutoka Mbagala Hadi Mwenge Kabla ya Kusaini

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya sentensi moja. Ilikuwa kwenye fomu ya binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na saba, aliyechaguliwa kushindana mbio za baiskeli za siku tatu hapa Dar. Chini kabisa paliandikwa: "Mimi mzazi nathibitisha kwamba naifahamu njia yote ya mashindano na hatari zake." Halafu nafasi ya saini. Bila saini yangu Neema hashindani, na mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni, ofisini Mwenge.

Mie nimejua kuandika vizuri ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na mwalimu alitukazia sana: karatasi usiyoielewa usiiwekee jina lako. Huyo ni mwalimu tu. Mungu je? Kuthibitisha nisichokijua ni kushuhudia uongo. Tena mwaka jana Neema alianguka akavunjika mkono, nami nikaifungia baiskeli yake chumbani miezi mitano.

"Nitasaini," nikamwambia, "lakini kwanza naipita hiyo njia."

"Na nini, mama?"

"Baiskeli yangu si ipo?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Yangu ni ile nyeusi kubwa yenye keria, niliyokuja nayo kutoka Shinyanga. Kwetu mwanamke kupakia gunia la mahindi na kuendesha si habari. Hapa mjini wananiangaliaga kama sinema.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Mbagala. Tulisali mlangoni. Fomu nikaiweka ndani ya Biblia, Biblia nikaifunga kwenye keria pamoja na daftari. Neema akatoa baiskeli yake tufuatane, kwa sharti moja: "Neema, usitoke machoni pangu." Hatua ya kwanza, yaani siku ya kwanza ya mashindano, inaanzia hapa na kufuata Barabara ya Kilwa hadi Temeke. Sehemu kubwa imenyooka, ila Mtoni kuna mteremko halafu kilima, na lami ya kushoto imelika pembeni. Nilipanda kile kilima bila kushuka, magoti yanalia. Juu nikaandika: Mtoni, kaa katikati.

Saa moja na nusu, Temeke. Tulipita kwa Bwana Nassor, mwenye duka la spea za baiskeli lililoanzishwa na babu yake. Binti yake, Samira, ndiye mshindani anayeogopwa kuliko wote.

"Shikamoo, Bwana Nassor."

"Marahaba, mama. Mbona umetota jasho hivyo?"

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini. "Njia yote? Mie nimesaini hapa hapa kaunta, kahawa haijapoa!"

"Na hatari unazijua?"

"Hatari ni Samira mwenyewe."

Samira alitoka ndani, mtandio umebanwa vizuri chini ya helmeti, akamwangalia Neema juu hadi chini. "Kilimani mtaniacha, sawa. Ila mita mia za mwisho nyie wote wageni wangu."

"Basi andaa chai," Neema akamjibu, "maana wageni tunafika kabla yako."

Bwana Nassor alinikazia breki. Akaigeuza kandambili yangu, akaona soli ilivyolika kwa kukanyagia tairi, akatikisa kichwa. "Mama, breki ziko mkononi. Mguu uache huko huko Shinyanga."

Saa nne, Segerea. Hatua ya pili inatoka Temeke, inapita Tazara, Buguruni na Tabata. Wanasema siku ya mashindano malori yatazuiwa. Mashimo hayazuiliki. Niliyaandika yote, na sehemu mbili nilishuka nikapima kwa hatua za miguu. Tulimkuta Mwalimu Happy shuleni kwake, mapumziko ya uji. Ni Mchaga, mwembamba, mshindani mkongwe kuliko wengine, na kilimani hana mpinzani. Alitumiminia uji, Neema akaenda kujaza maji.

"Mwanao ana mapafu, mama Neema. Anaweza kutushinda sote. Ila kona zinamtisha. Akikaribia kona anageuka nyuma, kama kuna mtu anamwita."

Nilimeza uji. Mtu anayemwita nilikuwa namjua.

Saa sita kasoro, Mabibo. Hatua ya tatu ndiyo inayoamua mshindi. Inatoka Segerea, inapita pembeni ya soko la Mabibo, inapanda kwenda Mwenge. Kwenye kona ya sokoni walikuwa wanashusha nyanya, chini maji na maganda ya ndizi. Niliingia kwa kasi. Breki alizozikaza Bwana Nassor nikazisahau kabisa, nikashusha mguu kwenye tairi kama nilivyozoea. Kandambili ikateleza, baiskeli kulia, mie kushoto, nikakaa ndani ya tenga la nyanya mbovu.

"Mama kashinda!" mpagazi mmoja akapiga kelele. "Mpeni kombe!"

"Kombe baadaye, mnyanyueni kwanza, nyanya zitaisha!"

Wakaninyanyua wakicheka na kunipa pole. Neema hakucheka. Goti langu lilikuwa linatoka damu, naye akashika usukani wangu kwa mikono miwili.

"Basi, mama. Huendelei. Nakukataza."

"Unikataze mie? Kwa sababu nimeanguka mara moja?"

Nilisikia nilichokisema. Naye alisikia. Tulitazamana, kisha akauachia usukani polepole. Nikafunga goti na kitambaa cha kichwa, nikapanda.

Saa tisa, Mwenge. Ofisi iko nyuma ya wachonga vinyago. Nilikaa kwenye benchi nikaandika jina langu lote, na pembeni, mpaka nyuma ya karatasi, nikaandika ninayoyafahamu. Kijana wa mezani akasema, "Mama, hapo ni saini tu."

"Imeandikwa nathibitisha. Ndivyo ninavyothibitisha."

Akasoma kwa sauti: "Mtoni, lami imelika kushoto. Tabata, mashimo mawili kabla ya kuingia Segerea. Mabibo, kona ya soko ina maji na maganda, nimeanguka hapo mwenyewe leo." Akawageukia wenzake wawili. "Jamani, nani kati yetu ameipita hii njia kwa baiskeli?"

Mmoja akaangalia feni. Mwingine akatafuta kitu kwenye droo. Yule kijana akachukua simu, akaanza kuulizia watu wa kufagia Mabibo.

Saa kumi, njia ya kurudi. Nilikwenda kuzijua hatari za barabara nikakuta kubwa kuliko zote inatoka kinywani mwangu. Neema alikuwa anaendesha taratibu mbele yangu, anageuka kila baada ya muda kuona kama nipo. Tulipokaribia kona ya kwanza nikamwambia, "Tangulia, mwanangu. Njia naijua."

Aliinama kwenye usukani akaingia kwenye kona. Safari hii hakugeuka.