Likizo kwa Nesi Yustina

Juzi niliona zabibu sokoni Mugumu, nikakumbuka likizo ya utotoni niliyosafiri na mama hadi Dodoma kumtembelea Nesi Yustina, aliyewahi kufanya kazi kwetu Mbalibali.

Tulimkuta kwenye mizabibu ya kijiji chao cha ujamaa, udongo uliomwagiwa maji ukinukia.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia. Alinishika mashavu, akamuuliza mama, "Huyu ndiye?"

"Ndiye, dada."

Wote wawili wakalia. Nilidhani nimekosea salamu, nikairudia kwa sauti zaidi. Yustina akanilisha zabibu moja moja, akinitazama nikimeza, nami sikuelewa kitu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba mama alipokuwa mahututi baada ya kunizaa, Yustina ndiye aliyeninyonyesha, wiki ileile aliyomzika mwanawe.