Mkubwa Hutangulia

Sebuleni kwangu, hapa upande wa Kendu Bay, tulikuwa wanne: mimi, mke mwenzangu, ambaye marehemu mume wetu alimwoa baada yangu, mjukuu wangu kwa mtoto wa kiume, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na mjukuu wangu kwa binti yangu, aliyekuja kutoka Uriri na kompyuta yake ya kukunja. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua imetufungia ndani. Majina yao yote ninayo, hata la mbwa aliyelala mlangoni, lakini wasichana waliniomba nisiyaandike. Basi. Wa kwangu ndiye mkubwa, na ndiye wa kunyamaza.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo. Unachagua utakuwa mtu gani, halafu unaingia msituni kupigana na wanyama wabaya. Ukishinda unapanda ngazi, nguvu zinaongezeka. Wa Uriri alichagua kuwa mpiga upanga, mwili mzima chuma. Wa kwangu akachagua mrusha moto: msichana mwembamba, gauni refu na fimbo, na moto wenyewe mdogo kama wa kiberiti. Akirusha mara mbili umeisha, anabaki amesimama tu akingoja urudi.

"Huyo hata mtungi wa maji hawezi," mke mwenzangu akasema, akiendelea kumenya njugu.

Wakaanza kubishana nani aingie msituni kwanza. Mimi nikajibu bila kuulizwa: "Mkubwa hutangulia." Kwetu mbegu haiingii shambani mpaka mke wa kwanza, tunayemwita mikayi, apande zake. Ndivyo nilivyokuta, na ndivyo nilivyofundisha. Mtoto akatii. Akaingia mbele, fisi akamrarua hata fimbo hajainua. Na mmoja akianguka, wote wanarudishwa mwanzo wa msitu. Wakarudi. Akatangulia tena, akararuliwa tena.

"Dani, hiyo sheria yako inatuua!" wa Uriri akanipigia kelele. Dani kwetu ni bibi. Akamgeukia mwenzake. "Kesho naita yule msichana wa jirani acheze na mimi. Wewe huna nguvu."

 Wa kwangu aliweka chini kidude cha kubonyeza alichokuwa akichezea, akaenda jikoni. Nikasikia anaosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Sikuweza kukaa. Nilienda dirishani, nikaenda mlangoni, nikamruka mbwa, nikarudi. Mtoto huyu hana dada wa tumbo moja. Huyo wa Uriri ndiye dada aliye naye, na Ijumaa mama yake angekuja kumchukua. Wakiachana hivi, wataachana mpaka lini?

"Nyieka, keti. Utatoboa sakafu," mke mwenzangu akasema; nyieka ndivyo tunavyoitana wake wenza.

"Anafukuzwa kwa sababu yangu."

"Si wewe ndiye umemsukuma mbele?" Akacheka. "Unakumbuka mwaka nilioolewa? Nimekuja na mikono ya kulima shamba lote, halafu naambiwa ningoje mwanamke anayetetemeka na malaria aanze kupanda. Mvua inapita, mimi naangalia!"

"Nilipanda."

"Mashimo mawili! Ukarudi kulala, mimi nikaendelea mpaka jioni."

Nilisimama pale pale na mkono kwenye mlango. Mashimo mawili, kweli. Mikayi mgonjwa hufungua tu njia. Kutangulia hakukuwa kulima shamba lote.

Nikaita jikoni: "Wewe, acha sufuria za watu! Njoo. Ingia wa kwanza, rusha moto mmoja, kisha kimbia nyuma ya dada yako."

Wa Uriri akakunja uso. "Na mimi nibebe kila kitu?"

"Mimi nilibeba," mke mwenzangu akasema, "na sijafa."

Wa kwangu akarusha, akakimbia nyuma, upanga ukafanya kazi. Fisi akalala. Tangu hapo hawakurudishwa sana. Siku zilivyokwenda, upanga ulibaki upanga, umerefuka kidogo tu, lakini ule moto! Ulijaa kioo kizima kama shamba la miwa likiungua kule Uriri. Alhamisi likatokea dege kubwa lenye makucha, lisilotua. Wa Uriri akaruka-ruka chini yake kama kuku.

"Silifikii! Sasa mimi nina kazi gani?"

"Simama mbele yangu," wa kwangu akasema. "Likinigusa mara moja nimekwisha."

Akasimama. Hakumtaja tena yule wa jirani.

Ijumaa honi ikalia na dege bado liko juu. Nilitoka mbio kumzuia binti yangu kwa chai, kisha kwa ndizi, kisha kwa maneno ya shamba, masikio yangu yote yakiwa ndani. Nikasikia wanapiga kelele pamoja. Walipotoka, wa Uriri alikuwa amemwachia mwenzake kile kidude cha kubonyeza. "Kiweke mpaka Agosti," alimwambia, "na usimpe mtu."

Mke mwenzangu anashikilia kwamba dege lilianguka kabla ya honi, na kwamba mimi nilikuwa nje hata hivyo. Na yale mashimo, sasa nikifikiri vizuri, naona nilipanda mstari mzima. Wajukuu zangu, mkisoma hapa mkaona nimepotoka, msininyamazie. Njooni mniambie, ila mje wote wawili.