Sauti ya Kazini

Mtaani kila mtu alimwita Opereta, hata watoto ambao hawajawahi kuona simu ya waya. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika chumba cha simu cha hospitali kubwa, taa ndogo zikiwaka mbele yake, kila taa simu inayosubiri, akiunganisha watu asiowajua. Alipostaafu, na mumewe akatangulia mbele ya haki, nyumba ikawa kimya mpaka akawa anaitikia friji inaponguruma.

Aliyemponza ni mwanawe, fundi umeme. Jumapili moja alikuja kumjulia hali, akawa anacheza kasino kwenye simu, mama akachungulia. Mchezo wenyewe haukumshtua. Kilichomshika ni yule msichana mgawa karata, mtu kamili mwenye pumzi zake, yuko mubashara mezani, mara anajikuna pua, mara anamtaja mchezaji kwa jina. Ile michezo ambayo kompyuta inajigawia karata yenyewe Opereta aliiona sawa na kucheza bao na ukuta.

Akajiandikisha: Bibi Opereta. Kila siku saa kumi na moja jioni, akishaanua nguo, aliketi na kikombe cha chai, akaweka dau dogo kuliko yote, mara moja tu, kisha akabaki kutazama. Kushindwa hakukumnyima usingizi. Alichongojea ni maneno haya: "Karibu, Bibi Opereta. Habari za tangu jana?"

"Mama, anakutaja kwa sababu analipwa," mwanawe alimtania. "Kesho utaniambia umempelekea zawadi."

"Hata mimi nililipwa," akajibu. "Na watu niliwasalimia kwa moyo."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanawe alikuwa na mke na watoto watatu wa kumpigia kelele.

Lakini hayo maneno, "kwa moyo", yalimsuta, maana yalimkumbusha Babu Saa Ngapi. Huyo alikuwa mzee aliyepiga simu hospitali kila siku asubuhi, kuuliza ni saa ngapi, basi. Chumbani walicheka mpaka wakashika mbavu. Opereta alicheka nao, kisha akamjibu kwa adabu na kukata. Safari moja mzee alipotea siku tano, akarudi na kusema, "Nilikuwa naumwa, mwanangu." Opereta, taa sita zikimsubiri, alimwambia, "Pole sana, baba. Sasa ni saa mbili na dakika nne." Mzee hakupiga tena. Mfagizi mmoja wa hospitali aliyekwenda kumzika alisimulia kuwa nyumbani kwa mzee kila chumba kilikuwa na saa ya ukutani, na zote zilikuwa zinatembea.

Basi Opereta akataka kujua. Je, yupo hata mtu mmoja ambaye angegundua kwamba yeye hayupo? Akajizuia siku tano asiifungue ile meza. Chai ilipoa kikombeni, nguo akaanua zikiwa bado mbichi. Siku ya sita akaketi mahali pake, akamwandikia msichana ujumbe pale mezani: "Nilikuwa naumwa, mwanangu." Uongo ule ulimtoka bila kuupanga.

Msichana alitupia skrini jicho, akatabasamu. "Pole sana, Bibi Opereta. Karibu tena. Zimebaki sekunde kumi za kuweka dau."

Sauti ilikuwa tamu, safi, haina hata mkwaruzo. Opereta aliijua papo hapo, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe. Hakumkasirikia. Alijua binti wa watu naye ana taa zake zinazomsubiri. Lakini ilimuuma, tena vibaya, na machozi yalipokuja hakuyafuta. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sekunde zikaisha, dau hakuweka. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, inatembea vizuri. Akaisogeza simu karibu na macho, akaandika polepole kwa kidole kimoja:

"Mwanangu, sasa ni saa ngapi?"