Mfano wa Muhogo Mchungu

Mume wa dada yangu na mdogo wake walikwenda Walikale kuuza maharagwe, wakarudi Masisi wote wawili na homa. Mdogo alilala siku tatu, siku ya nne akashika jembe. Mkubwa, shemeji yangu, alipoteza fahamu, na alipozinduka hakumjua mke wake. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Muuguzi alidhani ni virusi vinavyoletwa na mbu na kupanda hadi kwenye ubongo, lakini maabara ya kuthibitisha hayo haipo huku.

Ukoo ulikuwa na jibu lake. Kabla ya safari walikula chungu kimoja, ameanguka mmoja. Basi mke amemtilia sumu. Wakaitisha kikao ili wamrudishe kwetu Buleusa, bila watoto. Nilikwenda kumtetea.

Nina kitabu cha tiba cha Kifaransa, hakina jalada. Nimekisoma mara tatu kwa msaada wa kamusi. Niliwaeleza kwamba virusi vya jina moja vina aina nyingi. Tofauti ndogo sana katika umbile lake inatosha: aina moja inakuachia homa ya siku chache, nyingine inavamia ubongo. Niliongeza kwamba miili nayo haifanani, na kwamba sikuweza kusema ni lipi lililotokea hapa. Nikaona hawajanielewa, wanahitaji mfano.

"Ni kama muhogo," nikasema. "Majani yaleyale, shamba lilelile. Mmoja unatafunwa mubichi, mwingine usipoulowesha unaua."

Baba mkwe wa dada yangu alitikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Sasa njo unasema maneno ya kueleweka, munganga wa vitabu. Mutoto wangu alikula muhogo ya uchungu. Nani alipika?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali kumi na moja. Hilo halikuwamo.

Dada yangu alimjua aliyepika, akatazama chini. Mke hamtaji mama mkwe wake kwenye kikao.

"Bugali ya ile juma ya mbele ya safari nilipika miye," mama mkwe akamwambia mumewe. "Yeye alikuwa anapanda maharagwe. Kama iko sumu, Papa, sema iko yangu."

"Nani amesema sumu?" mzee akauliza.

Kikao kikafungwa kwa sala.

Kuhusu aina za virusi sikuulizwa swali hata moja. Dada yangu alibaki na watoto wake. Baada ya wiki tano mumewe alimtazama, akamwita kwa jina la shangazi yake, kisha akamwita kwa jina lake halisi.