Kaptula za Kuazima

Wajukuu wangu hucheka nikiwaambia kwamba kuna miaka niliazimisha watu kaptula. Hudhani ni porojo za uzee. Wacheke tu. Hata mimi nilicheka wakati ule, tena nilicheka sana, na ndiyo maana habari hii inaniuma mpaka leo.

Nilikuwa fundi cherehani Korogwe ya zamani. Cherehani yangu ilikaa barazani kwenye duka moja la nguo, hatua chache kutoka pale mabasi yaliposimama. Mama yangu alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni. Baba alitoka ng'ambo ya Ruvuma, akaletwa na mawakala wa kazi akiwa kijana, akawa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo wake ukagoma kunyooka. Kwa hiyo nilikuwa mwenyeji kwa mama na mgeni kwa baba, na watu hawakukosa kunikumbusha hilo la pili wakikasirika. Sindano ndiyo iliyoniokoa na mkonge. Baba aliniambia akiwa kitandani, siku zake za mwisho, kwamba nikithubutu kushika panga la mkonge atanilaani, na mimi sikumjaribu.

Miaka michache baada ya Uhuru ikaja amri juu ya Wamasai. Tulisomewa mkutanoni. Mtu aliyevaa lubega, lile shuka la kufunga begani na mapaja yakabaki nje, asipande basi wala asiingie ofisi ya serikali. Taifa changa, tuliambiwa, haliwezi kutembea nusu uchi mbele ya wageni. Nakiri kwamba nilipiga makofi. Wamasai walikuwa wachache kwetu. Walichunga nyika za Handeni, na kiangazi kikikaza waliteremsha ng'ombe kwenye mto Pangani, mvua zikianza wakarudi. Sikumwona hata mmoja wao pale mkutanoni. Walikuwa machungani, na sidhani kama kuna aliyekumbuka kuwaita.

Wiki ileile utingo akamteremsha mmoja kwenye ngazi za basi la Handeni. Alikuwa mtu wa rika langu, mrefu, masikio yametobolewa, kibuyu cha maziwa mkononi. Hakugombana. Alikuja akakaa kwenye ukingo wa baraza langu akalitazama basi likiondoka, kisha akaniuliza, "Fundi, wewe unashona hiyo nguo ya kupandia basi?"

Nilimwambia nashona. Akauliza, "Na nikishuka, ninaifanyia nini?"

Nilikuwa na kaptula ya kaki ambayo mwenyewe hakuja kuichukua, nikampa, nikamwambia airudishe akipita tena. Aliivaa palepale, nyuma mbele, akafunga shuka lake juu, na utingo wa basi lililofuata akampisha. Baada ya siku nne akairudisha, imekunjwa vizuri, inanuka moshi na samli, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Akaja mwenzake, akaja mwingine. Nikashona kaptula tatu zaidi kwa vipande vilivyobaki, zikawa nne. Sikuwatoza kitu. Walileta maziwa, pengine kipande cha nyama, na nyumbani kwangu hatukukosa kitoweo. Wenzangu wa barazani walinitania eti mimi ni waziri wa mapaja ya Wamasai. Kulikuwa na mzee mmoja mwembamba ambaye kaptula ilimdondoka mbele ya karani wa ofisi, akaiokota kwa utulivu, akaitundika begani, akaendelea kujieleza. Hadithi hiyo tuliirudia mwezi mzima.

Afisa mmoja wa wilaya alipita akawaona wawili wakitoka ofisini wamevaa. Alisimama barazani kwangu akasema, "Fundi, umeona hawa ndugu zetu walivyobadilika? Na tulikuwa tunaambiwa haiwezekani." Hakujua kwamba nusu saa baadaye kaptula zote mbili zitakuwa kwenye kamba yangu zikianikwa. Nilitabasamu, nikasema ni kweli wamebadilika. Nilivimba kichwa kidogo, nisiseme uongo. Baadaye nilisikia kwamba ameandika ripoti nzuri juu yetu na kuipeleka ngazi za juu.

Miaka michache baadaye vikaja vijiji vya ujamaa. Hapo wengi wetu hatukupiga makofi, maana safari hii amri ilitugusa sisi pia. Ndugu za mama yangu walitolewa kwenye mashamba ya mababu, nyumba zao zikaezuliwa, wakapangwa mistari kando ya barabara upande wa Makuyuni. Wajomba zangu walilia kwa hasira. Walipewa shamba la kijiji la kulima kwa pamoja, na shamba hilo likapimwa kutoka ukingo wa mkonge mpaka karibu na mto. Katikati yake, chini ya vigingi na kamba za wapimaji, ilikuwa imelala njia ya ng'ombe. Ilikuwa njia pana iliyochimbika kwa kwato, isiyoota kitu, na kila mtu wa kwetu aliijua. Aliyeshika kamba hakuwa mtu wa kwetu.

Ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki. Kushoto mkonge, kulia mkonge, na ng'ombe akiingia kwenye mkonge alikamatwa.

Kiangazi kilipokaza, rafiki yangu akaja. Ng'ombe wake walikuwa wamefika, pamoja na wa kaka yake, na wanyama walikuwa wananusa mto bila kuufikia. Alitaka kwenda kumwona afisa yuleyule, na alitaka niende naye. Kiswahili alikijua, ila alisema kile cha ofisini kina milango mingi.

"Nataka njia tu," aliniambia. "Sitaki shamba ya mtu. Miezi miwili, mvua inyeshe, tunarudi."

Nilimchagulia kaptula bora kuliko zote, ile ya kaki nzito. Niliifua, nikatia wanga, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo wake ukasimama. Nikamwazima na shati langu jeupe. Alipotoka nyuma ya duka tulimshangilia. Alifanana na mwalimu mkuu. Mke wangu alisema afisa akimwona hivi hatamnyima kitu, na mimi niliamini. Nilitaka aonekane mtu wa kusikilizwa.

Afisa alitupokea vizuri mno. Aliinuka kitini, akampa mkono, akaita wenzake wawili kutoka chumba cha pili waje kumtazama. "Huyu ndiye ninayewaambia," alisema. "Miaka michache tu iliyopita, lubega na mkuki. Leo mnaona wenyewe."

Walimtazama kuanzia shingoni hadi magotini. Rafiki yangu akangoja wamalize, kisha akaeleza shida yake polepole, bila kupoteza neno. Ng'ombe wana kiu. Njia imefungwa. Waachiwe upana wa kupita ng'ombe sita, watachunga kando kando na fimbo, mahindi ya watu hawatagusa.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali. Ningependa kusema alikuwa mkatili, ingenipunguzia mzigo, lakini alizungumza kama mjomba. "Ndugu," alisema, "njia ile ilikuwa ya watu wa kuhamahama. Wewe umeshatoka huko. Mtu aliyevaa hivi anakaa kijijini, analima, watoto wanasoma. Nitakuandikia kiwanja leo leo, nawe uwe mfano kwa wenzako."

"Mimi ni mfugaji," rafiki yangu alisema.

"Ulikuwa," afisa akajibu, na wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha upendo. "Kwenye kumbukumbu zetu wafugaji wa eneo hili wameacha mambo ya zamani. Sasa nikiandika kwamba wanahitaji njia ya ng'ombe, huko juu watanielewaje?" Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, wewe unawajua. Mweleze. Au nasema uongo?"

Rafiki yangu naye akanigeukia.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Kaptula hii ni yangu, huivaa akija hapa na huivua akitoka, na wote wanafanya hivyo. Ilikuwa tayari mdomoni. Lakini siku zile mafundi tulikuwa tunaambiwa tujiunge kwenye ushirika, na orodha ya wanaokubaliwa ilikuwa mezani kwa afisa huyo. Kuna jirani aliyekwisha kusema mtoto wa manamba aliyetoka nje ya nchi atasubiri kwanza wenye nchi. Ningefichua kwamba nimewadanganya kwa miaka, nani angenitetea? Mama yangu alipenda kusema mdomo huponza kichwa. Nilitazama kalamu ya afisa.

"Ni kweli, Ndugu," nilisema. "Wamebadilika."

Haikuchukua muda baada ya hapo. Aliandikiwa kiwanja, akapewa karatasi, tukatolewa kwa kupewa mikono. Rafiki yangu alienda nyuma ya ukuta, akarudi na shuka lake, kaptula na shati akanipa mkononi. Ile karatasi alikuwa ameisahau mfukoni mwa kaptula, au aliiacha.

"Ungesema tu ni yako," aliniambia.

"Wasingesikia."

"Labda. Lakini ungesema."

Aliondoka kuelekea walikokuwa ng'ombe. Sikumfuata. Nilijisemea kwamba atapata njia nyingine, Wamasai huwa wanapata njia. Huo ni upuuzi ambao watu husema juu ya watu wasiowajua, na mimi nilikuwa namjua.

Siku ya tisa ng'ombe wakajivunjia njia wenyewe. Mnyama mwenye kiu aliyesikia harufu ya maji hazuiliki kwa fimbo. Walipita palepale walipopita siku zote, na sasa palikuwa na mahindi. Wajomba zangu, waliokuwa wamehamishwa bila kuulizwa na kulima shamba wasilolichagua, walitoka na mapanga. Siwalaumu. Kilikuwa chakula cha watoto wao. Ng'ombe walikamatwa wakafungiwa kwenye boma la miiba kusubiri uamuzi kutoka wilayani, na uamuzi ulikawia. Wanakijiji waliwabebea maji kwa ndoo, maana hata wao hawakuweza kuvumilia sauti ile, lakini ndoo ngapi zinatosha kundi zima? Nilikwenda kuona. Nilibeba ndoo mbili, nikarudi nikabeba mbili tena. Ng'ombe mmoja alikuwa amelala na ulimi nje, ndama anamnyonya na hapati kitu. Nilikaa chini nikalia mbele ya watu, na mjomba wangu akadhani nalilia mahindi.

Ndipo nilipokwenda ofisini peke yangu, kusema. Yule afisa alikuwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana mtaratibu, akanipa kiti. Nilimweleza yote, kaptula nne, maziwa, pasi, kila kitu. Alifungua faili akasoma, akageuza ukurasa, akasoma tena.

"Hapa wameandika wafugaji wa eneo hili wamekwisha badilika," alisema. "Na shahidi aliyethibitisha ni fundi wa Korogwe. Siyo wewe?"

Nilisema ni mimi.

"Sasa, mzee, nifute maneno yako kwa maneno yako?" Hakuniuliza kwa kejeli. Nadhani alitaka kweli nimsaidie kupata jibu. Nikaaga.

Uamuzi ulipofika, boma lilikuwa limebaki na ng'ombe wachache wa kuhesabu kwa vidole. Kaka yake rafiki yangu aliwachukua hao akaenda nao upande wa Kiteto. Kaptula nilizishusha kwenye kamba nikazifumua, vitambaa nikavitumia kwa viraka. Katika ushirika nilikubaliwa. Kadi yangu ilikuwa na mhuri mzuri.

Mvua za masika zilipokatika alikuja mtu barazani, nikamwitikia kama mteja kabla sijamtambua. Rafiki yangu alikuwa amevaa suruali ndefu ya mtumba, yake mwenyewe, na viatu. Masikio aliyafunika kwa kofia ya sufu. Nilimletea chai. Tuliulizana hali za nyumbani, watoto, mvua, na hakuna aliyetaja yale mengine.

"Fundi," alisema baada ya chai, "nasikia kwenye mkonge wanatafuta watu. Nyapara hanijui. Anasema Mmasai atakimbia kwa siku mbili. Nataka mtu wa kunisemea."

Nilimwambia kazi ile siyo kazi. Nilimweleza mgongo wa baba yangu. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama nina nyingine.

Tulikwenda asubuhi hiyohiyo. Nyapara alikuwa mlangoni pa ofisi ya shamba, ameshika orodha, anawachagua watu kwa kuwatazama mabega. Nilimwambia namjua mtu huyu kwa miaka mingi. Nilisema ni mwaminifu, kitu cha mtu hurudisha kama alivyokichukua. Nikasema ana nguvu, halalamiki, hatakimbia kwa sababu hana pa kukimbilia. Nyapara alipotaka kunikatiza nilimshika mkono nikaendelea. Sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu, na kila nililosema liliaminiwa. Akamwandika, akampa panga.