Mavuno Yaliyosubiri Getini

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa fuso. Hakuacha kanisa kwa kukataa imani, aliachishwa na mageti. Anapakia kabichi na viazi huku kwetu Mlola Ijumaa, Jumamosi anafika Dar kwenye ghala la mnunuzi, na hapo ndipo safari inaposimama. Mara mwenye funguo hajafika, mara vijana wa kushusha wamegoma, mara anaambiwa asubiri magari ya jana yaishe. Jumapili inamkuta amelala kwenye boksi chini ya gari. Zikipita Jumapili nyingi namna hiyo mtu anazoea. Ikafika hata akiwa nyumbani haji. Nikimuuliza anasema, "Dada, nikiingia sasa watu watageuka wote kunitazama kama bibi harusi."

Nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, kwa hiyo kumsumbua sioni aibu. Lakini maneno nilikuwa nimemaliza.

Mwaka jana, kwenye sikukuu ya mavuno, sisi akina mama wa usharika tulikubaliana kwamba sadaka isiuzwe yote mnadani kama kawaida. Sehemu yake ipelekwe kwenye kituo kimoja cha watoto yatima huko chini tambarare. Mimi ndiye katibu wao, kwa sababu nilisoma masomo ya jioni nikiwa tayari na watoto, na naweza kuongea na watu wa ofisini bila kutetemeka. Walipouliza gari nitalipata wapi, nikasema ninalo. Moyoni nilikuwa na lingine. Nilijiambia akibeba mzigo wa kanisa, ataingia kwa mlango huo, na hakuna atakayegeuka kumtazama.

Alikubali haraka mpaka nikashangaa. Akasema na mafuta ataweka yeye. "Halafu Jumapili nakuja. Niwekeeni nafasi nyuma kabisa karibu na mlango, mahubiri yakinizidi nichomoke."

Akina mama walipakia wakiimba, yeye akawa anazipanga upya zile kabichi moja moja, anawaambia, mama zangu, mzigo huu una mwenyewe, tusiuchubue. Nilimwona ana furaha. Naweza kusema hiyo ndiyo siku niliyomrudisha, na iliisha saa nne asubuhi.

Saa nne ndipo tulipofika kwenye geti la kituo. Huko chini jua halina mzaha, na kabichi za milimani zimezoea ukungu. Nilikuwa nimewapigia simu siku mbili kabla, wakasema karibuni. Mdogo wangu akashuka, akamwamkia mlinzi, mzee wa makamo ya baba yetu.

Mzee akaitikia vizuri, akasema stoo kipa yuko kwenye maombi, wote wako kwenye maombi, ni wiki yao ya kufunga na kuomba.

"Wanaombea nini, mzee?"

"Mahitaji ya kituo."

"Na chakula?"

"Hasa chakula."

Mdogo wangu alicheka mpaka akaegemea tairi. Akanigeukia akaniambia kwa Kishambaa niende nikawaambie maombi yamejibiwa, yako getini, yanachemka chini ya turubai.

Nilikwenda kweli. Sisi tumelelewa kutokukatiza sala ya mtu, lakini nilikwenda nikagonga. Akatoka bwana mmoja, akafunga mlango polepole nyuma yake, akaninong'oneza, "Mama, tumalize na Mungu kwanza." Akarudi ndani.

Nilirudi getini nikitafuta namna ya kumfikishia mdogo wangu maneno yale, sikuipata. Nikamwambia wanakuja.

Hawakuja. Tulikaa kwenye kivuli cha gari, na kivuli chenyewe kikawa kinapungua. Simu yake ikaita, mtu wa Mombo anamuuliza kama bado anautaka ule mzigo wa mahindi wa kupandisha Lushoto, maana kuna gari jingine hapo. Akasema mpe huyo. Akakata simu. Alipanda juu, akafunua turubai ili kabichi zipate hewa, baadaye jua likazipiga, akapanda tena kuzifunika. Alifanya hivyo sijui mara ngapi.

Maombi yalipoisha wakaenda kufungua mfungo kwa uji. Stoo kipa alipotokea, kijana mpole tu, akasema vijana wa kushusha aliwaruhusu tangu jana kwa ajili ya mfungo. Basi tukashusha wenyewe, mdogo wangu juu, mimi chini, yule mzee mlinzi akatusaidia. Kabichi za katikati zilikuwa zimetoa jasho na kubadilika rangi. Stoo kipa akazitenga pembeni, akasema hizi haziwezi kupokelewa, mrudi nazo.

"Nirudi nazo kwa nani?" mdogo wangu akamuuliza taratibu. "Zimetolewa sadaka, hizi."

Stoo kipa akatabasamu, akasema utaratibu ndio huo.

Mwisho wakatuita tusimame kwa sala ya shukrani. Mdogo wangu akavua kofia. Nilifumba macho nikifikiri, angalau hili. Yule bwana wa mlangoni ndiye aliyeomba. Alishukuru kwa ajili ya akina mama, kwa ajili ya wakulima, kwa ajili ya mvua na udongo wa milimani, akanishukuru na mimi kama mama jasiri. Dereva hakumtaja. Mdogo wangu alisema amina, akavaa kofia yake, akaenda kuwasha gari.

Tulipanda mlima mpaka tulipopita Soni. Hapo ndipo aliponiambia, macho yake yakiwa barabarani, "Dada, kule kwa wafanyabiashara nakaa getini, natukana, na wao wananitukana, naondoka nimepoa. Leo sikuweza kutukana. Nilikuona umekaa hapo. Basi imebaki humu ndani."

Nilitaka kumjibu kwa neno la Mungu, na ninayajua mengi. Nikamfungulia chupa ya maji, nikampa.

Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na kitenge changu nimekitandaza pembeni yangu mpaka wimbo wa mwisho.

Hajawahi kunilaumu. Nikipita kwake ananikaribisha chai, tunaongea habari za shamba. Mwaka huu mavuno yalipofika, akina mama wakasema nimwombe tena, yule mdogo wako ana moyo. Nikawaambia hapana, tukodi. Nikashuka na gari la kukodi, dereva Muislamu wa Malindi ya huku kwetu milimani ambaye sikumjua. Safari hii nilimpigia stoo kipa tangu tukiwa juu, na nilipomkuta getini, vijana wake wakiwa tayari, niliona uchungu kuliko kama nisingemkuta.

Kabichi zilishuka zote zikiwa mbichi. Nikaomba sala niifanye mimi. Nilimtaja dereva kwa jina lake, nikamwombea barabara na familia yake, nikamshukuru Mungu kwa mikono yake, na sauti ikanikatika, wale watu wakadhani ni Roho.

Mdogo wangu alikuwa Dar muda huo, siku ya pili kwenye foleni ya ghala. Na huyu niliyemwombea hakusikia. Alikuwa ameshakunja turubai na kuwasha gari, anawahi kupakia kwingine.